Bandeji za Baba Mkwe

Maisha ya baba mkwe wangu niliyasikia kupitia mlangoni. Sikumtazama alipokuwa akisimulia, naye hakunitazama. Kwetu magharibi, mke wa mtoto hampi mkwewe mkono wala hakai naye chumba kimoja, na mkwe hakanyagi chumba chenye kitanda cha mwanawe. Nyumbani sheria hizi ni nyepesi kwa sababu nafasi ipo. Kileleshwa, Nairobi, hapakuwa na nafasi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mume wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, nasi tulipewa chumba kimoja nyuma ya jikoni, kando ya ua wa michongoma. Baba yake aliishi mjini, katika landi za reli, ambako wafanyakazi walipangwa chumba kwa chumba kama mabehewa. Jumapili alikuja kwa miguu kututembelea. Alikalia kreti nje ya mlango na chai akanywea hapo hapo, hata mvua ikinyesha. Yaya wa nyumba ya jirani, mwanamke wa Pwani, hakuchoka kunicheka.

"Mwenzangu, kwenu mgeni huogeshwa kwanza ndipo apewe chai?"

"Ni mkwe."

"Mkwe ama jini? Hata jini huingia ndani akikaribishwa."

Mwaka aliostaafishwa, kipande cha chuma alichorudi nacho kutoka vita vya Burma kiliamka pajani. Hospitali walimpasua, wakakitoa, lakini jeraha halikufunga. Dresa aliyemfunga jeraha alimwambia aoshe kila siku, na likianza kunuka arudi upesi. Chumba chake cha landi kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Kusafiri na jeraha wazi hakungewezekana, na siku hizo mtu aliyelala nje alipandishwa lori la polisi. Mume wangu akamwambia aje kwetu.

Alifika na sanduku lake la bati, akasimama kizingitini.

"Kitanda iko wapi?" Tulizungumza Kiswahili kwa kuwa mimi ni wa ng'ambo ya mto, na lugha zetu hazikusikilizana vizuri. Chake kilikuwa cha jeshini na relini.

"Kimetoka, baba," mume wangu alijibu.

Kweli kilikuwa kimetoka. Asubuhi tulikifungua, tukakihamishia chumba cha mtunza bustani. Mwenyewe alichukuliwa na askari katika msako na hakurudi. Sisi ndio tungelala humo.

Mzee alichungulia kona zote kama anayekagua behewa. "Sawa," alisema. "Sasa hii ni kambi." Akaingia.

Mume wangu alishinda jikoni tangu alfajiri hadi Mzungu amalize chakula cha jioni. Isitoshe, mtoto naye haangalii paja la baba yake. Kwa hiyo mzee alijiosha mwenyewe. Mimi nilichemsha maji ya chumvi, nikaweka beseni mlangoni, nikamgeuzia mgongo na kukaa kwenye lile kreti. Akimaliza, alisukuma bandeji nje kwa fimbo, nami nikazichemsha na kuzianika uani.

Akiosha, alisimulia. Nadhani ilimsaidia kustahimili maumivu. Alisimulia ujana wake katika gengi ya kutandaza reli, chini ya nyapara aliyewaimbisha ili wanyanyue chuma pamoja. Alisimulia mvua ya Burma iliyoozesha viatu miguuni, na aliporudi, jinsi alivyopewa kazi ya kugeuza njia za treni yadini. Akarudia mara nyingi habari za kaka yake. Kaka huyo mkubwa alifariki yeye akiwa hospitali, na sasa ukoo ulimngoja akalie kiti chake na kuamua mashamba ya wajane.

"Mimi nitashuka treni na miguu mbili, wa ng'ambo," alisema. Ndivyo alivyoniita. "Mkubwa habebwi kama gunia."

Mwanzoni bandeji zilitoka za njano, kisha madoa yakapungua. Nilizisoma kama mtu asomavyo mawingu. Halafu asubuhi moja zilitoka safi, zimekamuliwa vizuri. Kesho yake vivyo hivyo, na maji ya kunywa yalikuwa yakiisha mtungini mwake chumbani kabla ya saa sita.

"Leo ikoje, baba?"

"Mzuri. Inafunga."

"Mbona bandeji zimefuliwa?"

"Nimesaidia wewe kazi."

"Mwanamume wa kwenu anafua?"

"Jeshini nilifua."

Yaya alikuwa akianika nguo za watoto ng'ambo ya ua. "Harufu hiyo imefika hadi kwangu," alisema, safari hii bila kucheka. "Heshima zenu zitamzika mzee huyo."

Nikamuuliza mkwe kwa nini hataki kurudi hospitali.

"Burma, mtu aliingia hema ya daktari na mguu mbaya. Alitoka na mguu moja."

"Na yule ambaye hakuingia?"

Ndani beseni liliburuzwa sakafuni.

"Huyo tulizika," alisema.

"Basi mimi naingia, baba."

"Hapana ingia! Hiyo mwiko. Utatozwa mbuzi!"

"Nitatoa mbuzi."

Niliingia. Mzee alivuta blanketi akajifunika uso, mguu akauacha wazi. Paja lilikuwa limevimba na kung'aa, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda kuelekea kinena. Niliosha, nikafunga, nikatoka mbio kumwita mume wangu. Aliacha sufuria motoni. Tulimpakia mzee kwenye mkokoteni wa muuza kuni, tukamsukuma hadi hospitali. Njiani hakufunua uso. Walimpasua tena, wakakuta kipande cha pili cha chuma nyuma ya kile cha kwanza.

Mguu haukukatwa, ila haukukunjika vizuri tena. Alipopona tulimsindikiza kwa treni. Stesheni ya kwao alikataa mkono wa mwanawe, akashuka na fimbo, taratibu, watu wa ukoo wakitazama. Kiti cha kaka yake alikikalia miaka mingi, mpaka vitukuu wakamzoea kama mlezi wa mashamba yote yale.

Lakini kwanza palikuwa na suala la mbuzi. Wazee waliokaa naye ndani, mimi nikiwa uani, waliuliza nani aliingia kwa nani, na nani alipe.

"Mbuzi ni yangu," baba mkwe alisema kutoka ndani. "Huyu aliuliza mlangoni, mimi nikajibu uongo."

Wakamchinja mbuzi. Mkono wake mmoja nililetewa uani. Nilikula nikiwa nimeegemea ukuta karibu na mlango, yeye akila upande wa pili.

"Wa ng'ambo," aliuliza, "imeiva?"

"Imeiva, baba."