Kaza Mpaka Mwisho

Kaka yangu ni mtu wa kukaza. Kifuniko cha chupa atakaza, bomba la maji atakaza mpaka lianze kuvuja upya, mkanda wa suruali ndiyo usiseme. Alipotoka Dar es Salaam na lile gari lake jekundu la spoti, milango miwili, la zamani kuliko mimi, nililitazama likiingia gereji kwangu Kibaoni, hapa Ifakara, linarukaruka, nikajua kabla hajashuka kwamba huyu bwana ameshakaza kitu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

Fundi ni mimi. Anajua fika kwamba fundi ni mimi. Miaka yote hii nashinda chini ya magari ya watu wa Ifakara, na bado ndugu yangu wa tumbo moja akifika anachungulia nyuma yangu kutafuta mwanaume. Nikamwambia fundi ameenda kunywa chai, aseme shida yake.

Shida yake ni kwamba huko Dar alitolewa springi za zamani akafungiwa mpya, ngumu, "za mashindano." Lo! Mashindano na nani? Na matrekta ya mpunga? Ila shokapu, vile vyuma virefu vyenye mafuta ndani vinavyozituliza springi, waliziacha na kipimo kile kile cha springi laini. Springi ikibonyea hutaka kurudi kwa nguvu, na shokapu ndiyo inayoiambia polepole. Sasa springi zimepata nguvu mpya na wa kuzishika ni yule yule dhaifu. Ndiyo maana gari likipita tuta moja linaruka mara tatu.

Ningemcheka nikaendelea na kazi zangu, isingekuwa mama. Mama ameinama kwenye majaruba ya mpunga tangu usichana, kiuno kimekwisha. Dada yake, mama yetu mkubwa, alikuwa hoi kitandani huko kijijini Namawala, na mama hakuwa amemwona tangu masika, kwa sababu pikipiki haiwezi na basi linamtoa machozi. Kaka alimwahidi kwenye simu: nakuja na gari, nitakupeleka mwenyewe, utakaa mbele. Mama alikuwa ameshafua kitenge, ameshafunga na mchele wa kupeleka.

Basi nikafanya kazi asubuhi nzima. Kila shokapu ya gari lile ina kigurudumu kidogo chini, ukikizungusha kinalia tik, na kila tik inaongeza ugumu. Nilianza na sifuri. Nazungusha, naendesha, narudi, naingia chini tena. Kwenye tik ya sita gari lilipita tuta, likainuka mara moja, likatulia. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu. Nilipojaribu kumi, mambo yakaharibika: tairi likisukumwa juu linachelewa kurudi chini, na kabla halijarudi linakutana na tuta jingine. Kwenye barabara yenye mawimbi gari linadidimia kidogo kidogo mpaka linakalia raba za mwisho, zile zinazozuia chuma kisigonge chuma, na kuanzia hapo kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Na barabara ya Namawala kiangazi kile ilikuwa mawimbi matupu. Nikarudisha sita.

Kaka akaja, ametoka kula samaki, anachokonoa meno. Akalibonyeza gari kwa kiganja.

"Bado laini. Kaza."

Nikamweleza. Nikamwonyesha na kwa mikono, springi hii, shokapu hii. Akacheka.

"We mtoto, mimi gari hili nimeliendesha kwenye lami. Kaza mpaka mwisho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mkuu wa nini? Mkuu ambaye hajui hata boneti lake linafunguliwa wapi! Hasira zikanipanda. Na dawa yake ilikuwa rahisi: ningeingia chini, nikagongagonga spana kidogo, nikatoka nikasema tayari, na yeye asingejua mpaka anakufa. Wateja wa namna yake tunawafanyia hivyo kila siku. Badala yake nikasema, "Haya, kaka, wewe ndiye mkubwa," nikaingia chini nikakaza zote nne mpaka mwisho. Nilikaza kwa raha. Nilitaka barabara imfundishe adabu.

Mama nilimfungia mlango mwenyewe. Alikuwa amepakata mchele wake.

"Umelitengeneza vizuri, mwanangu?"

"Nimefanya alivyosema kaka."

Wakaondoka. Nikaagiza chai, nikakaa na simu mapajani, namsubiri mjinga wangu anipigie. Hata saa haikupita.

"Njoo. Mama hawezi kukaa."

Nilichukua bajaji, nikawakuta njiani, hata nusu ya safari hawajafika. Mama amelazwa juu ya kitenge kandokando ya shamba la mpunga, macho ameyafumba. Kaka amesimama anamkinga jua kwa koti lake.

"Umelifanyaje gari langu?"

"Nimekaza! Si ulisema nikaze? Bichwa maji wewe!"

Tukapigiana kelele juu ya kichwa cha mama, watu wazima, yeye na ndevu zake, mimi na spana yangu, mpaka yeye mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, tunyamaze, litengenezwe arudi nyumbani. Namawala hawezi tena.

Nikalala mavumbini, nikaanza kurudisha. Tik, tik, tik. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilipotoka, mama alikuwa amegeuza uso ananitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Ndiyo hiyo tu?"

Nikasema ndiyo.

Gari lilimrudisha Kibaoni taratibu, limetulia kabisa. Mama mkubwa alifariki kabla mama hajaweza kukaa tena.

Kaka alipiga magoti, akalia, akasamehewa siku ile ile. Alikuwa hajui, mama alisema. Mimi hajanilaumu hata kwa neno moja; nampikia, nampaka dawa kiunoni, ananiambia ahsante. Ila akitaka kwenda hospitali, humpigia simu kaka huko Dar, na kaka humtafutia gari la mtu mwingine hapa hapa Ifakara, linapita mbele ya gereji yangu.