Dashibodi ya Tabitha yakwama kwa bibi Gati

Saa tatu asubuhi, Tabitha Mogesi anaitazama kompyuta yake kama anayesubiri imwombe radhi.

Yuko Nkende, mjini Tarime, katika ofisi ya shirika dogo linalosaidia kaya maskini kuezeka nyumba kwa bati. Dashibodi, yaani ukurasa wa chati kwenye kioo, inaonyesha kaya 241. Mia mbili ni za kijani. Arobaini na moja ni nyekundu, na nyekundu maana yake hakuna bati.

"Mwezi uliopita nilijua kwa nini ni nyekundu," anasema kwa sauti ya chini. "Leo sijui tena."

Tabitha, 27, ni mtengenezaji wa mifumo ya takwimu. Maofisa hupita vijijini wakijaza majibu ya wenye nyumba kwenye simu. Yeye huandika kanuni za kuyachuja, kisha huyageuza kuwa chati ambazo wakubwa huzitazama wakiamua nani aezekewe. Hulipwa Sh800,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Kwao bado hawajaelewa kazi hiyo. "Majirani wananiletea simu zilizokufa," anacheka. "Mama anawaambia nitatengeneza."

Mwaka jana kaya 17 zilizopata bati zilikuwa hewa: fomu zilitaja wakwe na wajukuu ambao hawakuwapo. Ndipo Tabitha akaandika kanuni mpya: anayetaja mkwe wa kike lazima amtaje na mwanawe aliyemuoa. Asipomtaja, fomu inakataliwa na kaya inakuwa nyekundu.

Wiki iliyopita alikwenda na ofisa wa vijijini, Rubeni, hadi Nyansurura wilayani Serengeti, kumwona mmoja wa waliokataliwa: Gati Mniko, 71.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye kompyuta iliyonikataa?"

Rubeni akaangua kicheko. Tabitha akafungua daftari.

"Bibi, huyu Frida ni nani wako?"

"Mkwe wangu."

"Mwanao aliyemuoa yuko wapi?"

"Sikuzaa."

"Sasa ameolewa na nani?"

"Na mimi. Ng'ombe kumi na wawili nilitoa mimi. Watoto wake watatu ni wajukuu zangu. Kwani wewe si Mkurya, mwanangu?"

Ni Mkurya. Anaijua nyumba ntobhu, desturi ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humuoa mwanamke mwenzake, azae na mwanamume wa pembeni, ili nyumba yake ipate watoto. Shangazi yake mwenyewe aliishi hivyo.

"Nimekula kwake utoto wangu wote," anasema, macho yakiwa mezani. "Halafu nikaandika kanuni inayosema hayupo."

Frida, 29, alimwonyesha paa la nyasi zilizooza. "Mvua ikinyesha tunasogea kona moja, wote watano. Hao mfumo wako umewaona?"

Tabitha aliandika "watano" daftarini. Kumpitisha mtu mmoja kwa mkono hakuruhusiwi, kwa sababu baadhi ya hewa za mwaka jana ziliingia hivyo hivyo. Lazima kanuni ibadilike kwa wote. Akiifuta, hewa zitarudi. Akiiacha, bibi Gati atabaki mvuani. Na kati ya wale 41, hajui nani ni wa kweli na nani ni hewa.

Bosi wake, Erasto Heche, anaingia akiwa na kikombe cha chai.

"Dada, orodha inafungwa Ijumaa. Hao ni familia au si familia?"

"Bibi Gati ni familia. Wengine sijui."

"Mfumo hauna 'sijui'."

"Basi niuongezee, bosi."

Erasto anakuna kidevu, hajui acheke au akasirike. Mwishowe anampa wiki moja zaidi. Kaya zote 41 zinageuka njano: zitembelewe, na mwenyekiti wa kijiji athibitishe kwa saini. Tabitha anapanga kuanza Jumatatu. Ana matumaini kwamba siku moja fomu itamuuliza mtu anaishi na nani kabla ya kumchagulia majibu.

Simu inaita. Ni bibi Gati.

"Nimeingia?"

"Bado, bibi. Umetoka kwenye nyekundu, sasa uko kwenye njano."

"Njano inaezekwa?"

"Sijui, bibi. Ila tunakuja."

"Haya. Nilisema nyie watoto mtanielewa tu. Frida ameshapanda juu tangu asubuhi, anashusha zile nyasi kungoja bati."

Tabitha anasimama, simu ikiwa bado sikioni. Anakata, kisha anampigia Rubeni.

"Kaka, Jumatatu ni mbali. Mtafute mwenyekiti, twende leo."