Maji ya Kisima cha Nyumbani

Mpima maji wa maabara yetu hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Meno yake yana michirizi ya kahawia, alama ya floridi iliyozidi katika kisima cha kwao. Kila chupa inayoletwa huiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha, ingawa anajua fika kwamba floridi haionekani wala hainuki. Jana mdogo wake alimletea chupa kutoka nyumbani.

"Mama kasema unayalilia haya, dada."

"Na mwanao anakunywa haya haya?"

"Tunayachemsha mpaka yanapungua!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua, floridi inabaki yote. Mpe ya mvua, meno yake bado yanajijenga. Au unataka acheke kama mama yake mkubwa?"

Mdogo mtu akacheka, naye kaziba mdomo.

Alipoondoka, mpima maji alichukua maji kidogo ya kupima, yaliyobaki akayamimina kwenye glasi. Akayanywa taratibu, macho kayafumba, kama anayesikiliza mtu akimwita kwa mbali. Glasi ilipokwisha alitabasamu, na kiganja kikabaki mezani.