Samli na Miguu ya Ngosha

Mpaka leo nikisikia harufu ya samli inayoyeyuka jikoni, wa kwanza kunijia akilini si mama yangu, ingawa ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Namkumbuka mjusi. Msinicheke.

Tulihamia Nyarugusu kutoka Ushirombo miaka ya hamsini, Baba alipopata kazi mgodini. Katika nyumba yetu ya udongo waliishi wale mijusi weupe wa ukutani, na Mama hakuwafukuza kwa sababu walikula mbu. Mmoja nilimfanya wangu. Nilimwita Ngosha, yaani dume kwa Kisukuma, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo. Nilimlisha mchwa, nikarashia maji ukutani ayalambe. Alikuwa na mwenzake pia, lakini siku moja mwenzake alishuka sakafuni kufuata mchwa, akanyakuliwa na kuku wa jirani. Tangu hapo nilijua kwamba Ngosha akiwa ukutani yu salama, akianguka ni chakula.

Kiangazi kilipokolea, vumbi la mawe yaliyopondwa lilijaa kila mahali, hata kwenye uji. Ngosha akaanza kujivua ngozi, ila vidoleni ikamkaukia na kumkaza kama uzi. Akawa anapanda kidogo, anaanguka. Nikamtia kwenye sanduku la sabuni, nikampelekea Mama huku nalia.

Mama alimtazama, akatoa hukumu. "Huyu ana magaga, kama baba yako."

Kwetu samli ilikuwa dawa ya kila ngozi, ya mtoto mchanga na ya mzee. Tukampaka vidole vyote. Samli hiyohiyo Mama alimwekea Baba mlangoni kila asubuhi kwa ajili ya visigino vyake vilivyopasuka, na kila asubuhi Baba aliisogeza pembeni akaondoka peku. Jambo hilo lilimuuma sana Mama. Alimlalamikia jirani kwamba mumewe ameanza kudharau vitu vya kwao.

Jioni Baba alimkuta Ngosha akihangaika kupanda ubao wa sanduku, akiteleza kila mara.

"Nani kampaka huyu mafuta?"

"Mimi, Baba Tereza. Magaga ni magaga."

"Miguu ya kupandia haipakwi mafuta, Mama Tereza. Utafika katikati ya ngazi, uteleze."

"Ngazi gani?"

Baba akamtoa Ngosha sandukuni. Siku zote alituambia kazi yake ni kuponda mawe huku juu, si kushuka shimoni. Akaomba unga wa mtama, akaunyunyiza kwenye vidole vya Ngosha unyonye mafuta, akaupuliza. Kisha akamviringisha kwenye kitambaa kibichi mpaka ngozi ile ikalainika, akaivuta taratibu kwa ukucha. Sikuwahi kuona mikono ile mikubwa ikifanya kazi ndogo namna hiyo.

Ngosha alipata nafuu, akapanda ukuta mpaka juu, nikapiga vigelegele peke yangu. Samli ilikuwa haiwekwi tena mlangoni. Kila asubuhi Mama alisimama nje, akamtazama Baba mpaka akapotea njiani. Nilidhani wamegombana, na niliogopa.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipochungulia shimo moja la zamani la mgodi nikaiona ngazi yenyewe, miti iliyofungwa kwa kamba, imesuguliwa na nyayo mpaka inang'aa, inaingia gizani. Ndipo nilipojua kwamba Mama alielewa kila kitu jioni ileile, akanyamaza kama Baba alivyonyamaza.

Nikaikumbuka pia siku Baba alipoacha kazi ya mgodi. Alirudi jua likiwa bado kali, akaketi uani kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Mama Tereza," aliita, "samli ipo?"

Mama alikuja na kibuyu kizima. Alimpaka visigino, akampaka nyayo, akapanda mpaka magotini, huku analia, na mimi nimesimama pale nashangaa samli yote ile inavyoharibika bure.