Mgeni wa Bunge Aliyelishwa Mbegu

Bibi yangu Zipora, mzaa mama, hakujua kukaa. Ukimpa kigoda alikishika mkononi, akaendelea kuzungumza amesimama. Hata kanisani alisimama karibu na mlango, na mchungaji alikwisha kumzoea. Watu wa Mkonze, kijiji chake karibu na Dodoma, walimtania kwamba mwiba ulimchoma tangu tumboni mwa mamaye. Nami nilicheka pamoja nao, mpaka siku aliponisimulia habari za mwaka ule wa utawala wa Mdachi, yaani Mjerumani, bibi alipompa mtu mwingine mtoto wake. Mtoto huyo ndiye mama yangu, kwa hiyo habari hii ninaisimulia kwa uchungu, na atakayeona nimekuwa mkali anisamehe.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu garimoshi lianze kufika Dodoma. Mvua zilikuwa zimegoma misimu miwili mfululizo. Babu yangu Filipo alikuwa ameswaga mbuzi watatu kuelekea Uhehe kwenda kuhemea, yaani kubadilisha mifugo kwa nafaka, na mwezi wa pili ulikuwa unakwisha bila habari yake. Nyumbani walibaki Zipora na binti yake Ruthu, mwenye miaka minane, na mkwewe, Mzee Matonya, baba yake Filipo.

Chakula kilikuwapo Dodoma. Hilo ndilo lililomnyima bibi yangu usingizi. Bunge la Wadachi, huko kwao Ulaya, lilikuwa limetoa fedha za kununua nafaka kwa ajili ya wenye njaa, na nafaka ikaja kwa garimoshi, gunia juu ya gunia. Ila ilipofika ikawekewa sharti ambalo Bunge halikulisema: apewe yule ambaye mwanamume wa nyumba yake anafanya kazi ya reli au ya barabara. Zipora alikwenda ghalani mara nne. Mara zote nne karani alimwuliza mumewe yuko wapi, naye akajibu kwamba amekwenda kutafuta chakula. Karani akamwambia basi amngoje, atarudi nacho.

Mzee Matonya hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hilo kwa shida, lakini ni kweli. Alitazama kilindo cha nafaka kilivyokuwa kitupu, akaamua kama wazee waliomtangulia walivyoamua katika njaa zao. Mwezi mpya ukiandama Ruthu angepelekwa Kondoa, kwa Warangi, ambako milimani mtama ulikuwa umekubali. Nyumba itakayompokea ingetoa mizigo miwili ya mtama. Mwaka ukiwa mzuri mtoto angekombolewa kwa mtama uleule, mzigo kwa mzigo. Mpango huo haukuitwa kuuza. Zipora aliniambia kwamba yeye hakupata jina lake, na hakulitafuta.

Zilibaki siku kumi na mbili. Ndipo wanawake waliokuwa wakiuza kuni stesheni waliporudi na habari kwamba kesho yake anakuja mtu mkubwa kutoka Ulaya. Hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa Bungeni na kuihoji serikali, na safari hii alitumwa kuja kuona kwa macho yake kama nafaka ile imeingia matumboni mwa watu au imeishia kwenye vitabu. Zipora aliuliza mara tatu ili asikie vizuri. Kisha hakulala. Alfajiri alikwisha kuwa njiani.

Alimkuta mgeni ghalani. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na kijitabu cheusi, na uso wake ulikuwa umeiva kwa jua. Kando yake alisimama Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa mkubwa wa boma, akimwonyesha magunia yalivyopangwa hadi darini. Nje vibarua wa reli walikuwa wameketi mistari miwili wakila, na kusema kweli walikuwa wanakula vizuri. Kati ya mgeni na Bwana Shauri alikuwa Yahaya, kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, aliyesoma Kijerumani katika shule ya serikali pwani, akiwa mkalimani.

Bibi yangu alikuwa mfupi. Alipita chini ya mkono wa askari kabla askari hajajua kinachopita, akasimama mbele ya Yahaya.

“Mwambie mgeni wako kwamba humu hawezi kuiona njaa,” alisema. “Aje kwangu Mkonze, alitazame jiko langu.”

Yahaya alimtazama Bwana Shauri, na Bwana Shauri alitikisa kichwa kidogo, kumkataza. Lakini mgeni alikuwa ameliona hilo. Alikuwa amechoka kuongozwa, nadhani. Akamtaka mkalimani aseme kila neno alilolisema mwanamke yule, na alipokwisha kulisikia akajibu kwamba kesho asubuhi atakwenda, ila lazima arudi mapema, maana garimoshi la kurudi pwani linaondoka mchana.

Zipora alirudi Mkonze nusu akitembea nusu akikimbia. Njia nzima alikuwa akijipangia: mgeni ataingia jikoni, atakuta majivu yaliyopoa, atafunua chungu, atamwona Ruthu na shingo yake iliyokuwa imekonda. Hakuna maneno yatakayohitajika. Kwa mara ya kwanza tangu Filipo aondoke alihisi njaa ya kawaida, ile ya mtu anayetegemea kula.

Alimweleza mkwewe akiwa ameinama na kutazama pembeni, kama ilivyompasa mkamwana. Mzee Matonya aliinua macho kutazama dari. Halafu akaamuru mbegu ishushwe.

Mbegu ilikuwa masuke ya uwele yaliyofungwa mafungu na kutundikwa darini juu ya moto, yakawa meusi kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Ndiyo nafaka iliyobaki katika nyumba nzima. Watu wa kwetu walikubali kufa njaa huku mbegu ikining'inia juu ya vichwa vyao, kwa sababu anayekula mbegu amekula na mwaka ujao. Na sasa mzee anataka isagwe.

Zipora hakuwahi kumbishia mkwewe. Siku ile alimbishia.

“Baba, mgeni huyu anakuja kuona jungu tupu.”

“Ataliona,” mzee alisema. “Kwanza ale. Mtu hapewi habari za msiba akiwa bado na vumbi la njia miguuni. Akishakula nitamweleza yote, hata habari za mtoto, naye atanisikia kwa sababu nimemheshimu.”

Nimelifikiri jibu hilo miaka mingi, na kila nikilifikiri ninakasirika, kwa sababu sioni kosa ndani yake. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni anasalimiwa, anajibiwa kwamba ni kwema, anakula, anapumzika, kisha ndipo yale mabaya yanafunguliwa moja moja. Anayepokea mgeni kwa kilio mlangoni ni mtu asiye na kwao. Bibi yangu mwenyewe aliamini hivyo. Alisaga ile mbegu juu ya jiwe huku machozi ya hasira yakidondoka kwenye unga, na alipomaliza alikwenda kwa jirani kuomba maziwa ya mgando kibuyu kimoja, akachukua na mlenda mkavu wa mwaka juzi. Alifagia uwanja. Alimpaka Ruthu mafuta, akang'aa. Aliniambia kwamba mikono yake ilikuwa inafanya kazi yenyewe, naye anaitazama.

Wageni walifika jua likiwa limepanda kiasi, mgeni na Bwana Shauri juu ya nyumbu wa kupandwa, Yahaya kwa miguu. Mzee Matonya alisimama mlangoni mwa nyumba yake ya tembe amevaa shuka lake safi. “Mbukwenyi,” aliwasalimu, na mgeni, aliyekuwa amefundishwa na Yahaya njiani, akajaribu kuitikia. Mzee alifurahi sana. Akawaketisha kivulini mwa ukuta.

Mgeni hakupoteza wakati. Alifungua kijitabu akauliza papo hapo, na Yahaya akatafsiri. Je, watu wa nyumba hii hawajambo? Mzee akajibu kwamba hawajambo, wote wazima. Na mifugo? Mizima. Je, chakula kipo? Kipo, alisema Mzee Matonya, na alikuwa anasema kweli, kilikuwa kinapakuliwa. Je, serikali inawatendea vema? Serikali haina neno. Kalamu ya mgeni ilikuwa inakwenda.

Zipora alikuwa jikoni, mwiko mkononi, anasikia kila kitu. Kutoka nje na kumkatiza mkwewe mbele ya wageni kulikuwa sawa na kumvua nguo. Alijiambia kwamba hizo ni salamu tu, maneno yenyewe bado. Akabeba ugali, akabeba mlenda na maziwa, akaweka.

Mgeni alikula kwa adabu, akausifu ugali. Bwana Shauri hakula. Alikuwa anatabasamu, na aliutazama ugali ule mkubwa muda wa kutosha ili mwenzake naye autazame. Mgeni akaandika tena kidogo. Kisha akatoa saa mfukoni, akasimama, akamshika Mzee Matonya mkono.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza amesafisha koo. “Sasa mgeni ameshiba,” alianza, “nina maneno.” Bwana Shauri alisema kwamba garimoshi halingoji mtu, na tayari alikuwa juu ya nyumbu. Yahaya alisita, akamtazama mzee, akaitwa kwa ukali, akafuata. Mzee Matonya alibaki amesimama uwanjani, na yale maneno yake aliyoyapanga tangu jana yakiwa bado mdomoni.

Bibi yangu hakumtazama mkwewe usoni. Alifunga kanga kiunoni akaondoka mbio.

Alifika stesheni damu ikimtoka kwenye kidole cha mguu. Mgeni alikuwa amekwisha panda ngazi ya behewa. Zipora aliishika nguzo ya ngazi ile, na askari alipokuja kumwondoa, mgeni alimzuia.

“Mwambie kwamba alichokula ni mbegu,” Zipora alimwambia Yahaya. “Hatuna kingine. Mwezi ukiandama mtoto wangu anakwenda kubadilishwa na mtama.”

Bwana Shauri alikuwa amesimama pale pale. Yahaya alitafsiri hata hivyo. Mgeni aliufungua ukurasa wake, akausoma, akauliza kwa nini basi mzee alisema chakula kipo.

“Uliuliza kabla ya kula,” Zipora alisema.

Yahaya alilieleza hilo kwa maneno mengi kuliko yaliyosemwa. Mgeni akawa mwekundu zaidi. Hakufuta alichokiandika. Aliandika kitu chini yake, mstari mmoja, kisha mwingine, akasema atalifikisha jambo hili Bungeni yeye mwenyewe, asimame aliseme. Zipora akauliza ni lini. Yahaya akamjibu: Bunge linakutana mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa mwezi wa nane. Garimoshi likapiga king'ora, likaenda.

Zipora alipoteremka kutoka stesheni, Yahaya alimfuata. Alimwita mama Ruthu, kwa heshima, akamwambia kwamba mama yake mzazi, Mwajabu, anaishi Kondoa, ana mtama na hana binti. Kama mtoto hana budi kwenda, aende kwake, angalau ajulikane aliko. Zipora alitaka kumpiga. Siku ya kumi na mbili akamfungia Ruthu kibuyu cha maji, akampeleka kwa Mwajabu kwa miguu, siku sita, na kurudi na wanaume wawili waliobeba mtama.

Siwezi kusema kwamba Bunge halikufanya kazi yake. Yahaya alikuja kuyasoma yaliyosemwa humo katika magazeti ya Kijerumani. Mbunge mmoja alisimama akaisifu serikali, akasoma kutoka taarifa za boma kwamba wenyeji wa huko walimkirimu mgeni kwa ugali na maziwa. Yule mgeni wetu akasimama akasema kwamba yeye ndiye aliyeula ugali huo, na kwamba ulikuwa mbegu. Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, wakabishana siku mbili. Mwishowe serikali ikabanwa, na lile sharti la kibarua likaondolewa. Magunia yakaanza kugawiwa nyumba zote, hata zisizo na mwanamume. Gunia la Zipora lilifika mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Filipo alikuwa amerudi kutoka Uhehe, hana mbuzi, mgonjwa wa kifua.

Zipora hakupika hata punje ya gunia lile. Alilipunguza lifikie mzigo anaoweza kubeba, akajitwika, na binamu mmoja akajitwika uliobaki, wakaenda Kondoa.

Mwajabu aliwapokea vizuri mno. Wakala, wakapumzika. Ruthu alikuwa amenenepa mashavu, anaitwa Zaitun sasa, na Kirangi alikisema bila kufikiri. Jioni Zipora aliiweka mizigo miwili katikati ya ua, akamwambia bintiye kwamba nafaka ya serikali imekuja, imetosha, sasa wanakwenda nyumbani.

Mtoto aliitazama mizigo. Aliigusa kwa mguu.

“Chakula hiki kikiisha,” aliuliza, “nitaletwa tena?”

Bibi yangu alikuwa amesikia maswali mengi mwaka ule, ya karani, ya mtu wa Bunge na kalamu yake. Aliniambia kwamba hilo peke yake liliulizwa na mtu ambaye maisha yake yalitegemea jibu, na yeye hakuwa nalo. Angeweza kumdanganya. Alifungua mdomo ili amdanganye, akashindwa.

Alikesha pale siku mbili. Siku ya tatu alfajiri yeye na binamu walijitwika tena mizigo yao, kwa kuwa Mwajabu alikataa kuipokea, wakaondoka mtoto akiwa bado usingizini, na tangu hapo bibi yangu hakukalia kigoda tena. Mama yangu alibaki Kondoa, na ndiko nilikozaliwa.