Habari ya London

Jamani, leo nimesafiri mpaka Ufaransa kwenda kuitwa mchoyo.

Nilikuwa ofu kazini. Hela ya tiketi nimeidunduliza muda mrefu. Nikapanda treni peke yangu kutoka London hadi Lille, nikaone mji wa kale, nipumzishe na mgongo.

Mbele ya kanisa, mama mmoja wa Kikongo alikuwa anafagia. Akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu, nasema nimetoka London, akanijia mbio.

"Ndugu! Habari ya London?"

Nikajibu kama tulivyolelewa: "Nzuri sana, namshukuru Mungu."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Macho yakamng'aa. "Basi mtafutie mtoto wangu kazi kule. Kijana mzima, anakaa bure tu."

Ikabidi nimwambie ukweli. Nabeba matofali saiti, mgongo umekwisha, chumba kimoja tunalala wanne.

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Maskini gani anapanda treni kuja kutazama kanisa? Sema tu hutaki, ndugu."

Kweli, maskini gani?

Akarudi kwenye ufagio wake. Hakugeuka tena.

Siku nzima mtu mmoja tu kanisemesha, na huyo ndiye niliyemvunja moyo.

Nyinyi mlio huku Ulaya, mngemjibu nini?