Niliposema Nyanja

Kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, bahari haina jina la peke yake. Ziwa ni enyanja, bahari nayo ni enyanja, na mtu aliyezaliwa Kamuli, katikati ya migomba na mibuni, anaweza kuzeeka bila jambo hilo kumsumbua. Shida niliileta mimi, mwaka niliopangiwa chuo Dar es Salaam kusomea jiolojia na kemia ya bahari.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, basi. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka Omurushaka, kifurushi cha senene wa kukaanga amekishika mwenyewe, kwa kuwa alijua kikikaa kwangu hakifiki hata stendi. Basi likiwa limeshawashwa, akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amekiuliza: huko naenda kusomea nini hasa? Nikamjibu kwa Kinyambo kwamba nasomea enyanja.

"Samaki?"

"Hapana bibi. Udongo. Ule ulioko chini kabisa ya maji."

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha, akimaanisha ziwa, akauliza, "Ni hii ya Bukoba?"

Kondakta alikuwa anapiga bodi kwa kiganja. Kumweleza bahari kungetaka nusu saa na subira, na subira mimi sikujaliwa. Nikasema, "Ndiyo bibi, ni kama hiyo." Niliona uso wake umepata nafuu kwa kusikia ni karibu, nikamwacha na nafuu yake, nikapanda. Neno "kama" ndilo ninalojitetea nalo mpaka leo, na halinisaidii.

Chuoni nilikuwa yule wa milimani. Wenzangu wa Tanga na Mtwara walinitania kwamba bahari nimeiona nikiwa na ndevu tayari. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinikera. Niliwajibu kwa kusoma. Na niseme wazi, niliyapenda yale masomo kuliko nilivyotegemea. Tulikuwa tunapewa udongo uliochotwa kwenye sakafu ya bahari kwa bomba refu, umetoka mzima, tabaka juu ya tabaka. Unaukata vipande vya unene wa kidole, unavikausha, unavisaga, unapima chuma na chokaa, na polepole unaanza kujua mvua zilinyesha vipi kabla hajazaliwa mtu yeyote unayemjua.

Siku moja nilimuuliza mwalimu kama ndani ya udongo ule kuna udongo wa kwetu. Akacheka, bila ubaya, akachora ramani ubaoni. Maji ya Kyerwa, wilaya yetu, huingia mto Kagera, Kagera huingia ziwani, na kinachotoka ziwani huelekea Misri.

"Udongo wa kwenu hauji huku," akasema. "Mwingi unaishia ziwani palepale."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Moyoni niliumia, ingawa sikuweza kusema naumizwa na nini.

Likizo ndefu ya kwanza nilibaki kujifunza mashine za maabara. Ya pili nilipata nafasi kwenye boti ya utafiti. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote, nilikuwa nimeshazoea kutokwenda. Ni siku mbili kwa basi, na wapo wenzangu wa mkoa wa Kagera waliokuwa wanakwenda kila mwaka.

Tulikuwa tunaongea kwa simu ya mama mdogo, aliyekuwa akiishi naye. Bibi alipiga kelele kwenye simu kana kwamba mimi niko ng'ambo ya bonde. Mwaka wa mwisho maswali yake yakawa ya ajabu.

"Huko chini hakuna baridi?"

Nilidhani anamaanisha huku chini tulikoshuka kutoka milimani. Nikamwambia huku ni joto tupu.

"Mnapumuaje?"

"Tunapumua tu bibi, tumezoea," nikasema, nikacheka.

Siku nyingine akasema, "Siku ile najua ulikuwa na kazi. Sikukasirika."

"Kazi ni nyingi, bibi."

Sikumuuliza siku ipi. Nilikuwa na sampuli kwenye tanuri, jicho langu liko kwenye saa. Nilipokata simu nikamwambia mwenzangu kwamba bibi yangu sasa akili imeanza kumruka. Katika yote niliyowahi kusema maishani, hilo ndilo ningelirudisha mdomoni kama ningeweza.

Alifariki Jumanne asubuhi, kwa presha. Nilifika wameshamzika. Kaburi lilikuwa kibanjani, nyuma ya nyumba, udongo mwekundu bado umeinuka kati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe. Nilimwamkia jirani yetu mzee aliyekuwa amekaa mkekani. Akaitikia marahaba, akanipima toka juu mpaka chini, akasema, "Umefika. Kutoka hapo tu."

Nilikasirika. Siku mbili nimekaa kwenye kiti cha basi, miguu imevimba, halafu naambiwa hapo tu! Ningemjibu vibaya kama mama mdogo asingenivuta mkono kunipeleka jikoni.

Mle jikoni alitoa kopo la maziwa ya unga kwenye kapu, mfuniko umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani kulikuwa na tope lililokauka.

"Hili ni lako," akasema. "Alinikataza kulitupa."

"Ni la nini?"

"La nyanja. Hakukwambia?" Akakaa kwenye kigoda. "Mwaka jana, msimu wa senene, aliniaga anakwenda zahanati Omurushaka. Kumbe amepanda gari la Bukoba. Amekuletea senene wako."

"Mama mdogo, mimi niko Dar es Salaam. Hamkumwambia?"

"Tumemwambia mara ngapi, mwanangu! Anasema Dar ni maneno yetu. Eti mjukuu wake mwenyewe amemwambia yuko nyanja, hii ya Bukoba, na hajawahi kumdanganya. Ungefanyaje na mtu wa hivyo?"

Nikakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni. Mama mdogo akaendelea, macho yake yako kwenye mafiga. Bibi aliwauliza watu wanaoanika dagaa ufukweni: yuko wapi kijana anayesomea udongo wa chini ya maji? Wakacheka. Akatafuta jiwe, akakaa tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Aliporudi alisema, "Alikuwa bado yuko chini, na mimi sijui wanatoka saa ngapi."

"Mwisho akaingia majini mwenyewe," mama mdogo akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukuangalia. Maji yakachafuka, hakuona kitu. Ndipo akachota hilo tope. Alisema ukija utamwambia kama ndilo unalosomea. Senene aliwaachia wale wanawake wa dagaa, wakupe ukitoka."

Nililia kwa sauti, watu wote nje wakanisikia, na sikuona aibu. Nilikuwa nayasikia maswali yake yote kwa mara ya kwanza. Baridi ya huko chini. Tunavyopumua. Siku ile niliyokuwa na kazi. Alikuwa ameniamini mimi kuliko watu wote waliomwambia ukweli, na akafa akiamini niko mwendo wa asubuhi moja na sikuja kumwona. Jirani naye aliamini hivyo hivyo. Nilitoka nikamwomba radhi, ingawa hakujua kosa ni lipi.

Kopo nilirudi nalo chuoni. Maabara yetu haipokei udongo usio na lebo, kwa hiyo nilichukua lebo nikaanza kuijaza kama nilivyozijaza mamia ya nyingine. Mahali: ufukwe wa ziwa, Bukoba. Aliyechukua: bibi. Kwa hesabu ya mwalimu, humo ndani huenda umo na udongo wetu, ulioporomoka na mvua kutoka vibanja vya Kyerwa. Ilibaki nafasi ya kina, yaani udongo umetolewa umbali gani chini ya maji. Nikampigia mama mdogo, nikamuuliza bibi siku ile aliingia majini mpaka wapi.

"Nilikifua mimi kile kitenge alichovaa," akasema. "Mstari wa tope ulikuwa magotini."

Lebo ile inataka mita. Nimeandika magotini.